Hosteli ya Jinja kwa Wasafiri Wenye Shanta Mgongoni

Mimi na rafiki yangu, tuliovuka mpaka wa Busia kutoka Kenya kwa vitambulisho vya taifa pekee, tulilala usiku wa kwanza katika hosteli moja ndogo ya Jinja, mji ulio kilomita 80 hivi mashariki mwa Kampala, pale Mto Nile unapotoka katika Ziwa Victoria. Vitanda vya dabodeka vilikuwa imara, vyandarua havikuwa na tundu, na kila mgeni alipewa kabati lenye kufuli, jambo ambalo mwenye shanta moja tu hulithamini kuliko mandhari. Maji ya moto, hata hivyo, yalikatika kabla ya magharibi. Chakula chao ni ghali bila sababu. Ni afadhali kununua roleksi kando ya barabara, yaani chapati iliyokunjiwa mayai, nyanya na kabichi.