Dorothy wa Mego wa 1974: Mwanasesere wa Kuanza Naye Ukiwa Pwani

Assalaam aleikum, watazamaji wangu, karibuni tena mezani kwangu hapa Mombasa. Leo nina mmoja tu. Nitamvua nguo, nitampindua na nitamkunja magoti mbele yenu, kwa sababu mwanasesere wa zamani hachunguzwi uso peke yake. Huyu ni Dorothy wa filamu ya The Wizard of Oz, kazi ya kampuni ya Mego ya Marekani, toleo la mwaka 1974. Kimo chake ni inchi 8, sentimita 20 hivi.

Mmeniuliza sana: nikitaka kukusanya wanasesere wa Dorothy, nianze na yupi? Jibu nalitoa kabla sijamgusa. Ukiwa unaishi Pwani, anza na huyu. Wapo wazuri wa sura kumshinda, na wapo wa zamani zaidi wenye bei ya kutisha. Lakini huyu anastahimili hewa yetu, chumvi yake na joto lake, ukimtunza. Na pesa yako iweke kwenye mwili, gauni na viatu. Boksi waachie wengine.

Kwa asiyemjua Dorothy, filamu ilitoka Agosti 1939, ya studio ya MGM, na aliyemwigiza ni Judy Garland, ambaye alikuwa na miaka 16 wakati wa kupiga picha. Inaanza na rangi ya kahawia tupu kule Kansas, kisha msichana anafungua mlango na rangi zote zinaingia kwa pamoja. Mimi nampenda Dorothy kwa sababu hamngojei mtu aje kumwokoa. Ana mbwa wake, ana njia mbele yake, anatembea, na kila anayemkuta na shida humwambia twende pamoja. Hakuna mwana wa mfalme humo, wala harusi mwishoni. Anachotaka ni kurudi kwa shangazi yake.

Sasa kwa nini mwanasesere huyu atoke 1974, miaka 35 baada ya filamu? Ni televisheni, jamani. Filamu ilionyeshwa kwenye televisheni ya Marekani kwa mara ya kwanza mwaka 1956, na kuanzia 1959 ikawa inarudi kila mwaka, watu wanakaa nyumba nzima kuitazama. Mtoto wa 1974 alimjua Dorothy kama mtu wa siku zake. Mego nao walikuwa wameshajipatia jina kwa wanasesere wa inchi 8 wa mashujaa wa vibonzo, basi wakachukua leseni ya MGM na kutoa kundi zima: Dorothy na mbwa wake Toto, Mtu wa Majani, Mtu wa Bati, Simba Mwoga, Glinda yule mchawi mwema, na yule Mchawi Mbaya wa Magharibi.

Kabla ya hapo alikuwapo Dorothy mwingine. Filamu ilipotoka, kampuni ya Ideal, ile ile iliyotoa wanasesere wa mtoto mwigizaji Shirley Temple mwaka 1934, ilitengeneza mwanasesere wa Judy Garland akiwa na gauni la Dorothy. Ni mzuri sana, sitadanganya. Macho yanafumba na kufumbuka, uso una haya ya kitoto. Lakini mwili wake umetengenezwa kwa vumbi la mbao na gundi, vikashindiliwa kwenye kalibu, kisha rangi ikapakwa juu. Hapo ndipo Mombasa inapomshinda. Vumbi la mbao linanyonya unyevu. Masika yakiingia linavimba, kaskazi ikivuma na jua kali linanywea, na rangi iliyo juu haina uwezo wa kulifuata. Inapasuka nyufa nyembamba, kwanza mashavuni na kandokando ya macho, halafu inaanza kubanduka magamba. Kuwasha AC usiku na kuizima asubuhi kunazidisha, maana ni kumvimbisha na kumkausha kila siku. Ukiweza kumpa chumba chenye unyevu usiobadilika, mnunue. Mimi siwezi, na wengi wetu hatuwezi.

Haya, tumvue Dorothy wangu.

Kichwa ni plastiki laini, ukibonyeza kinarudi. Mwili ni plastiki ngumu. Anakunja viwiko, magoti, hata vifundo, na ndani ya kiwiliwili kuna lastiki inayoshikilia viungo vikubwa. Lastiki hiyo ndiyo ya kwanza kufa katika joto. Jaribio lake ni rahisi: mshike kiunoni, muinue, mtikise kidogo. Miguu ikining'inia na kuzunguka yenyewe, lastiki imelegea. Hilo lisikutishe, maana lastiki inabadilishwa, ila bei ishuke.

Nasogeza kamera hapa gotini. Mnaiona pini? Wanasesere wa Mego wa mwanzo kabisa wa miaka ya 1970 walikuwa na pini za chuma, na chuma kwetu sisi ni kutu, doa la kahawia linaloingia kwenye plastiki na halitoki. Huyu ana pini za plastiki, na hiyo ndiyo sababu kubwa ya mimi kumsifu. Lakini tazameni goti la kushoto nikilikunja. Kuna ufa unaoanzia kwenye pini na kupanda pajani, na unafunguka kila ninapokunja. Muuzaji aliniandikia kwamba ni mzima. Picha zote alizonitumia, Dorothy amesimama wima, miguu imenyooka. Basi ninyi kabla ya kulipa ombeni picha ya magoti yaliyokunjwa, yote mawili, kwa ukaribu. Asiyetaka kupiga picha hiyo, mwacheni na mali yake.

Alama sasa. Nyuma ya shingo, chini ya nywele, kuna maandishi ya hakimiliki ya MGM na mwaka 1974. Mgongoni kuna jina la Mego na Hong Kong, kwa sababu huko ndiko walikotengenezwa. Mwaka wa mgongoni ukiwa wa nyuma kuliko wa kichwani, usidhani umeuziwa mwanasesere wa kuungaunga. Mego walitumia viwiliwili vya aina moja kwa wahusika wengi, wakawa wanabadilisha vichwa na nguo. Na jina la Mego peke yake lisikuridhishe. Kampuni ya kwanza ilifilisika mwanzoni mwa miaka ya 1980, lakini jina lilirudi madukani mwaka 2018 likiwa na wanasesere wapya wa umbo lile lile la zamani.

Nywele zake zimepandikizwa kichwani, rangi ya kahawia iliyokolea, zimefungwa mafungu mawili. Hizi zimetulia. Ukimpata aliyechafuka, maji ya vuguvugu na sabuni laini yanatosha, na chanuo uanze nayo kwenye ncha. Moto wa aina yoyote usikaribie.

Gauni ndilo linaloniweka macho usiku. Ni kitambaa cha drafti, buluu na nyeupe, pamoja na blauzi nyeupe ambayo kwenye huyu wangu imeelekea rangi ya krimu. Ukiiona drafti hii huku kwetu unafikiria sare za wasichana wa shule, na ndiyo maana kila mtu huniambia: si ukamshonee jipya? Kitambaa kimejaa madukani. Nilikwenda kwa fundi wangu Mji wa Kale, mtu hodari, tukatandika kitambaa cha sare juu ya kifua cha Dorothy. Ikaingia miraba mitatu. Mitatu tu, mwenzangu, mwili mzima wa mbele! Kwenye gauni la asili miraba ni midogo sana, na jicho linaamini kwamba huyu ni msichana mzima aliyetazamwa kutoka mbali. Ukiweka miraba mikubwa anageuka kuwa plastiki iliyofungwa kitambaa. Kwa hiyo gauni lililochakaa lakini la asili nalithamini kuliko jipya linalong'aa. Tazameni huku ndani: mshono wa mashine, nyuzi zimeanza kuwa njano, na mahali pindo lilipokunjwa buluu bado imekolea, wakati nje imepauka. Tofauti hiyo ya rangi kati ya ndani ya pindo na nje ndiyo ushahidi ninaoutafuta. Gauni lililoshonwa juzi haliwezi kuwa nayo.

Kisha viatu. Katika kitabu cha L. Frank Baum cha mwaka 1900, ambacho ndicho kilichozaa filamu, viatu vya Dorothy ni vya fedha. Filamu ikavifanya vyekundu, kwa sababu studio ilitaka kuonyesha nguvu ya Technicolor, mbinu ya siku zile ya kupiga filamu za rangi, na wekundu huo ukashinda kitabu. Viatu vya kweli vya filamu vilivyobaki ni vichache. Jozi moja iliibwa mwaka 2005 kutoka jumba la makumbusho la Judy Garland huko Minnesota, ikapatikana 2018, na Desemba 2024 ikauzwa mnadani kwa dola milioni 32.5 pamoja na ada. Sasa tazameni hivi vya mwanasesere: plastiki nyekundu tupu, kila kimoja kinaenea kwenye ukucha wangu wa gumba. Bila vyenyewe, huyu ni msichana yeyote wa shamba. Na ndivyo vya kwanza kupotea, vinavuka vyenyewe, vinafagiliwa. Kuna watu wanatengeneza viatu vya badala na kuviuza, wala si kosa, mradi waseme. Muulize muuzaji moja kwa moja, kwa maandishi: viatu ni vya asili au vya badala? Nikivua kiatu cha kulia mnaona unyayo umeingia wekundu. Rangi ya kiatu imehamia kwenye mguu kwa kukaa pamoja miaka mingi. Kwangu hiyo ni dalili nzuri, lakini kuanzia sasa viatu vinakaa kando na mguu, asivae isipokuwa siku ya kuonyeshwa.

Boksi ni kadibodi yenye dirisha la plastiki. Kadibodi ikilala hapa masika mawili, mende na ukungu wanaanza kugawana. Linapandisha bei sana, kisha linakuozea mkononi. Sina zaidi la kusema kuhusu boksi.

Mtaniuliza kuhusu Dorothy wengine. Kampuni ya Effanbee walimtoa Judy Garland kama Dorothy mwaka 1984, mkubwa na mzuri wa kabatini, lakini hakunjiki hivi. Mattel nao walimvisha Barbie gauni hilo katika miaka ya 1990. Ni safi, anapatikana kirahisi, ila uso ni wa Barbie, na mimi namtafuta Dorothy.

Bei: huyu wa Mego bila boksi kwa kawaida yuko kwenye makumi ya dola, hajafika mamia, kwa wauzaji wa Marekani. Juu yake weka usafiri, ushuru na VAT ya asilimia 16, na hapo ndipo mtu hushtuka, kwa hiyo jumlisheni kabla. Kumsafirisha kwenye sanduku la ndugu anayerudi ni bora zaidi, kwa sababu hakandamizwi. Soko la Kongowea hapa Mombasa pia msilidharau. Kwenye lundo la toi za mitumba, pindua kila kichwa, inua nywele, soma shingo. Wengi watakuwa wa juzi, lakini kusoma shingo hakulipiwi.

Na utunzaji, hapa msinikimbie. Msimfunge kwenye mfuko wa plastiki. Plastiki laini hutoa mafuta, nayo yakikosa pa kwenda yanamfanya anate. Mfungeni kwa bafta nyeupe iliyofuliwa, na wekeni karibu vile vifuko vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu. Vikishiba, badilisheni. Kabati lisiwe na dawa ya nondo, zile tembe nyeupe, maana mvuke wake unalainisha plastiki. Na siku ya kufukiza udi, mtoeni chumbani kwanza. Moshi ule una mafuta, na ukishakaa kwenye nywele za mwanasesere unashika vumbi ambalo utalifua mpaka nywele zing'oke. Mume wangu anasema namheshimu Dorothy kuliko wageni. Wageni hawadhuriki na udi.

Jambo la mwisho ni Toto. Ninaye, huyu hapa, na masikio yake yote. Nilichokosa ni kikapu chake cha asili. Kama kuna mtu hapa Mombasa, Malindi au Lamu anacho, hata kama kimevunjika mkono, aniandikie. Nina Simba Mwoga wa pili, magoti yake mazima kabisa, na niko tayari kubadilishana.