Nilinunua drili ya betri, nikaambiwa nimlete mzee wa nyumbani

Nimeliacha hili jambo wiki kadhaa nikidhani litapoa, wapi, kila nikipita chumba cha watoto nikaiona ile deka, kitanda cha ghorofa nilichoanza kuwatengenezea, imesimama bila reli ya juu damu inapanda upya, kwa hiyo leo naandika na mnivumilie nikiruka huku na huku.

Vijana wangu wawili wamekuwa wakubwa, wanalala godoro moja wamebanana kama mukene, wale dagaa, kwenye kikombe cha sokoni. Deka za chuma sizitaki, mtoto akigeuka tu kinalia nyumba nzima inaamka. Za mbao zile nzuri bei yake nilisikia nikasema asante nikaondoka. Na mimi mbao siziogopi, nimezaliwa kambini Jinja, mzee wangu alikuwa seremala wa jeshi, utoto wangu wote nimemshikia mbao huku yeye anapiga randa, najua guniya ya kupimia kona, najua kupima mara mbili. Kilichoniogopesha ni umeme. Huku kwetu Bweyogerere, pembeni ya Kampala, unaweza kukatika saa nne asubuhi mkausahau, na siku ukiwepo basi Yaka, ile mita ya kulipia kabla, ndiyo imeisha uniti. Nikasema ya betri ndiyo yangu, nachaji usiku, mchana nafanya kazi, sitaki kujua.

Mbao nilitoa Ndeeba. Miguu nikachukua mugavu, mbao ngumu ya kwetu, kwa sababu muuzaji aliniapia haitaliwa na wadudu, vile vya kulalia nikachukua paini ya kawaida. Kisha, na hapa nisikilizeni vizuri maana ndiyo kesi yenyewe, nikaomba wanikatie kakipande ka ule mugavu, urefu wa kiganja, nikakaweka kwenye mkoba nikaenda nako mjini kwenye maduka ya vifaa kule Nakasero. Nilitaka muuzaji aishike, aione ni ngumu namna gani, ndiyo aniambie drili ipi inafaa. Niliona ni akili.

Duka silitaji. Nimeingia na kijana wa boda aliyenileta, yeye alikuwa amenishikia tu mwavuli na mfuko wa skrubu. Nikaweka kile kipande juu ya kaunta, nikasema naomba drili ya betri ya kutoboa hii na kufunga skrubu, na msumeno wa duara wa betri hiyo hiyo. Yule kaka wa kaunta akakiangalia kipande, akaniangalia mimi, halafu akamgeukia kijana wa boda akaanza kumweleza. Yeye! Ssebo, yaani bwana, hii ina nguvu, ssebo hii ina betri mbili, ssebo angalia hapa. Kijana wa watu anatikisa kichwa kwa adabu, mwishowe akasema ssebo mimi ni wa boda tu, mwenye kazi ni huyu mama. Unadhani aliona haya? Akacheka, akaniambia, "Nyabo, basi mlete mzee wa nyumbani tumwelekeze, hizi zina mambo yake."

Mzee wa nyumbani yuko barabara ya Juba anaendesha lori na hajui hata kupigilia msumari wa kalenda. Nampenda, lakini hajui.

Ndiyo, nilinunua hapo hapo. Msiniulize. Mvua ilikuwa inakuja, nilikuwa nimeshazunguka maduka manne, na boksi lilikuwa limeandikwa 48V kwa herufi kubwa nyekundu wakati ya duka la jirani ilikuwa 20V na bei yake ni ya juu zaidi. Nikajiambia arobaini na nane na ishirini, hesabu gani hiyo, hata mtoto wa primari atachagua. Nilijiona mjanja kweli. Shikilieni hapo, narudi.

Sasa kwa haki, wiki ya kwanza niliipenda ile drili nikaanza kuongea nayo. Wallahi. Mtu aliyekulia kwenye keekee ya mkono na bisibisi ya kukunyonga kiganja, ukishika kitu kinachoingiza skrubu kwa kidole kimoja unajisikia umeonewa miaka yote. Ile pete yenye namba pale mbele, watu wengi naona wanaiacha kwenye alama ya drili basi, wanakata vichwa vya skrubu kisha wanalaumu skrubu. Weka namba ndogo kwanza, ikianza kulia ka-ka-ka kabla skrubu haijazama unapandisha kidogo, mpaka kichwa kikae sawa na mbao. Na kwenye mugavu usithubutu kuingiza skrubu bila tundu. Mimi nilitoboa na biti ya milimita 3 kwa skrubu namba 8, halafu nikafanya alivyokuwa anafanya mzee wangu, unachukua kipande cha sabuni ya kufulia, ile ya mche, unaisugua skrubu mpaka meno yajae sabuni, inaingia kama inateleza na haikatiki. Mwanangu mdogo alikuwa ndiye fundi sabuni. Miguu minne yote tulifunga hivyo na sikupoteza hata skrubu moja. Mtu angeniuliza siku ile ningempeleka mwenyewe dukani kwa mkono.

Msumeno nao ulikata, sisemi haukukata. Lakini ule ni mlevi wa betri. Drili unaweza kufunga skrubu nusu siku, msumeno unapasua mbao kadhaa tu betri imekuwa ya moto huwezi kuishika, unabadilisha, unapasua tena, nyingine nayo moto.

Ikafika Jumamosi ya reli. Reli ya juu, ile ya kuzuia mtoto asianguke usiku, yaani kitu kimoja ambacho deka haiwezi kukosa. Nikaweka betri ya kwanza kwenye chaja, ikawaka kijani. Nikafurahi, nikaitia kwenye drili, kimya. Nikairudisha, kijani tena. Kijani cha uongo. Nikafuta vile vyuma kwa kitambaa, nikapuliza, nikaomba, kimya. Ya pili inafanya kazi dakika tano inakata. Watoto wamesimama na godoro mlangoni wananiangalia.

Jumatatu nikarudi dukani na boksi zima na risiti. Yule yule. Kabla sijamaliza kueleza akaanza: uliichaji usiku kucha. Nikasema nilitoa ilipowaka kijani. Akasema basi umekatia mbao ngumu, hii mashine si ya mbao ngumu. Jamani! Nilikuwa na kile kipande cha mugavu bado kwenye mkoba, sijui hata kwa nini, nikakitoa nikakiweka kwenye kaunta pale pale nilipokiweka siku ile. Nikamwambia nilikuletea hiki ukakiona kwa macho yako. Drili ya mbao inayoogopa mbao umeniuzia ya nini, ya kutoboa mapapai? Watu wawili kwenye foleni wakacheka, na nadhani hapo ndipo nilipoharibu, maana akanuna. Akachukua risiti, hakuisoma, akaweka kidole kwenye ule mstari wa chini kabisa kwamba bidhaa ikishauzwa hairudishwi, akaacha kidole pale muda mrefu, kucha imejaa grisi, akasema taratibu kama anaongea na mgonjwa, "Nyabo, mlete mzee. Mwanaume akielezwa ataelewa."

Sikumjibu. Mimi ambaye mdomo wangu unajulikana mtaa mzima, sikumjibu. Nilifunga boksi nikatoka na hata boda sikupanda, nimetembea mpaka Jinja Road nikiongea peke yangu.

Kuna kijana stejini kwetu anatengeneza redio na taa za sola, meza yake iko chini ya mwavuli wa kampuni ya simu. Nikampa ile betri iliyokufa. Akafungua skrubu nne za chini, akainua kifuniko, akaanza kucheka, si kunicheka mimi, anacheka ile lebo. Ndani mlikuwa na seli tano, zile za duara ndefu kama kidole. Basi. Tano. Akaniambia kila moja ya hizi ni volti 3.6, zimeungwa moja nyuma ya nyingine, hebu zidisha mwenyewe. 18. Zikijaa kabisa zinafika 4.2 kila moja, inakuwa 21. Sasa hiyo 48 imetoka wapi? Akasema imetoka kwa aliyechapa stika. Na ile ya jirani ya 20V niliyoikataa nayo ni seli tano, ishirini yake ni ya zikiwa zimejaa, ukikuta nyingine imeandikwa 18V ni zile zile tano tena. Yaani nilisimama pale katikati ya maduka mawili najiona mjanja wa hesabu na hesabu ilikuwa inanicheka.

Akaweka mita kwenye kila seli. Nne zilikuwa zinasoma karibu 3.9, moja 1.1. Hiyo moja ndiyo imeua wenzake. Alinieleza kwamba betri nzuri huwa na kasakiti kanakochunga kila seli isishuke kuliko wenzake na isipitilize, hii yangu ilikuwa na kabodi kadogo kanakoangalia jumla tu, kwa hiyo moja ikichoka hakuna anayejua, na siku drili ikivuta hiyo moja inaporomoka, jumla inashuka chini ya kiasi, mlango unafungwa, drili haipati kitu. Nikamwambia weka basi seli ya laptopu ya zamani, nasikia watu wanafanya hivyo. Akakataa. Akasema za laptopu zimezoea kutoa umeme kidogo kidogo, msumeno unavuta kwa fujo, zitapata moto ukajiunguzie watoto. Na tena seli haziunganishwi kwa risasi na pasi ya kuchomelea, joto linaiharibu, zinapigwa spoti, yaani kuchomelewa nukta nukta kwa mashine, kwa ukanda wa nikeli. Nilimpenda huyo kijana. Hakuniuliza mzee yuko wapi hata mara moja.

Sasa hapa lazima niseme ukweli hata kama unanichoma. Aliniuliza, mama, betri ikitoka kwenye msumeno ikiwa ya moto ulikuwa unafanyaje? Nikasema naiweka kwenye chaja pale pale ili iwahi. Akanyamaza. Nikajua. Inatakiwa ipoe kwanza, na ukiona mashine imeanza kulegea unatoa, huiminyi mpaka tone la mwisho, mimi niliminya. Kwa hiyo labda nusu ya kosa ni langu. Robo. Lakini kama yule wa kaunta angenieleza hayo siku ile badala ya kumweleza kijana wa boda, mimi ningeyajua nisiyafuate? Karatasi ya maelekezo ilikuwa ya Kichina na picha mbili.

Halafu nikaenda Ndeeba kununua paini kidogo ya kuongezea, nikawauliza mafundi. Wengi bado wanatumia za waya na jenereta, walio na za betri wanashikilia rangi moja, utakuta drili, msumeno na grainda vyote vya kampuni moja, kwa sababu betri ya huyu haiingii kwa yule. Mmoja akaniambia drili si kitu, ukishanunua betri ya nyumba fulani umeolewa kule, mahari haitoki. Na hata hizo rangi kubwa, kama ile ya Makita, zinaigizwa mpaka stika, usinunue kwa rangi, nunua kwa mtu ambaye betri ikifa atakufungulia duka. Mimi nimeolewa na nyumba ambayo kaka mkwe ni yule mwenye kidole cha grisi.

Mnataka nyota? Drili yenyewe naipa nne, kwa kweli, mota yake haijawahi kunisumbua na mpaka leo inafunga skrubu kama siku ya kwanza ikipata betri nzima. Tano kama si ule uongo wa 48. Hapana, tatu, kwa sababu drili bila betri ni jiwe la kuzuia mlango. Msumeno mbili, ukitaka kupasua mbao nyingi nunua wa waya uombe umeme uwepo, au betri kubwa yenye safu mbili za seli, hizi ndogo ni za skrubu na rafu za jikoni. Nikikumbuka "mwanaume akielezwa ataelewa" nataka kufuta zote nizirudishe sifuri, lakini nitakuwa naionea drili, haikusema neno.

Kijana wa stejini amepata seli nzuri, jana kapiga spoti, betri iko kwenye chaja hapa pembeni inaonyesha nyekundu, na nyekundu sasa naiamini kuliko kijani. Reli nafunga kesho kukikucha kabla jua halijawa kali. Sabuni ipo. Kwa yule kaka nitarudi tu, nataka kununua biti mbili za milimita 3, na safari hii nitaenda na mwanangu wa miaka tisa, fundi sabuni, nimwambie mzee ndiye huyu, mwelekeze.