Pikipiki ya umeme kwenye kijiwe cha Mbuyuni, Moshi: uzoefu wangu

Nimeachana na boda ya mafuta, sasa napiga kazi na pikipiki ya umeme hapa Moshi. Wenzangu kijiweni kila siku wananiuliza kama inalipa. Inalipa, mradi kazi yako iwe ya mjini.

Tuanze na hela. Betri yangu ni volti 72, ampea-saa 40, inabeba karibu uniti 3. Kwa uniti ya LUKU, umeme wa kulipia kabla, ya shilingi 356, na kinachopotea kwenye chaja, kuijaza haizidi shilingi 1,300. Chaji hiyo inanizungusha Majengo, Pasua, Soweto mpaka hospitali ya KCMC, kilomita 70 hivi. Boda ya mafuta mwendo huo inakula karibu lita 2, na lita moja tu ya petroli inazidi bei ya chaji yangu nzima mara mbili. Oili na plagi sinunui tena.

Halafu ule utulivu! Mama mmoja alipanda na kikapu chake, akaniuliza, "Mwanangu, mbona huwashi?" Nikamwambia, "Imeshawaka mama, shika vizuri." Njiani akapokea simu, akaongea kwa sauti ya kawaida kabisa.

Taabu iko mlimani. Ukipanda Uru au Kibosho na abiria mwenye gunia, asilimia za betri zinashuka huku unaziona. Petroli utaipata hata kwenye chupa kando ya barabara. Betri ikiisha huko juu, umekwama. Umeme ukikatika usiku, asubuhi abiria wanachukuliwa na wengine. Na kontrola, kile kifaa kinachoongoza umeme wa betri kwenda kwenye mota, ilipokufa, aliyeniuzia aliagiza Dar, pikipiki ikalala ndani.

Wapo wanaosema umeme nao unachafua. Gesi imo kwenye gridi, kweli. Lakini Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji ni megawati 2,115 za umeme wa maji, na maji ya Meru na Kilimanjaro yenyewe yanazungusha mitambo ya Nyumba ya Mungu. Na si mimi tu niliyehamia umeme: treni ya SGR, ile reli mpya, inakwenda Dodoma kwa umeme tangu 2024. Kigali, tangu Januari 2025, boda mpya ya petroli haisajiliwi. Sisi tupate basi hata kibanda kimoja cha kubadilishia betri hapa Mbuyuni na kingine KCMC, wengi watahama.

Ukitaka kununua, chukua yenye betri ya kuchomoa ili uichajie ndani, na kabla hujalipa, ipandishe mlima ukiwa na mtu nyuma.