Zulia jipya kwenye boti kuukuu: ligeuze kwanza uangalie mgongo

Boti yangu ni ya faiba, futi 23, na niliinunua ikiwa imeshatumika sana. Ina kazi mbili zisizopatana: wageni wakiwapo inawatoa Wesha, hapa Pemba, kuwapeleka kisiwa cha Misali, wageni wakiadimika inakwenda kuvua. Zulia la buluu nililolikuta ndani lilikuwa limeshageuka kijivu, na hilo ningelivumilia, maana mgeni anayekwenda Misali anatazama maji, hatazami miguu yake. Kilichonishinda ni pampu ya ngama, ile inayotoa maji yanayokusanyika chini kabisa ya boti. Ilikuwa inakwama mara kwa mara, na tukiifungua tunakuta makombo meusi yamejaa kwenye chujio. Yakitoka chini ya zulia. Mpira wa mgongoni ulikuwa umekufa, unamomonyoka kidogo kidogo na kushuka ngamani kila tulipoosha boti. Sasa pampu ikwame, kusi linavuma na watu wamo ndani, hapo urembo umeshatoka kwenye mazungumzo.

Ndiyo maana naanza na mgongo wa zulia, sianzi na rangi.

Mazulia ya nyumbani yanayouzwa madukani kwetu, mengi nyuzi zake ni za polipropilini, na hizo hizo ndizo zinazofumiwa mazulia mengi ya boti. Muuzaji akikuapia kuwa ni kitu kile kile hakudanganyi sana. Tofauti ukilipindua. La nyumbani limeshikwa kwa juti au kwa mpira mzito. Juti inaoza, na mpira unayafungia maji chini yake yasipate pa kutokea. La boti linalofaa lina mgongo mwembamba unaopitisha hewa, mengine hayana mgongo kabisa, na nyuzi zake zimetiwa dawa ya kuhimili jua. Nyuzi zenyewe unaweza kuzijaribu hapo hapo dukani: chomoa chache, zitie kwenye glasi ya maji yenye tone la sabuni, zizamishe kwa kidole. Polipropilini ni nyepesi kuliko maji, itarudi juu. Nailoni na poliesta zinabaki chini. Nilifanya hivyo mbele ya muuzaji mmoja wa Unguja na hakufurahi.

Mwisho nililipata kwa muuza vifaa vya boti Dar es Salaam, la kijivu cha kati, upana wa futi 8. Upana huo ni muhimu kuliko watu wanavyodhani. Mazulia ya boti mara nyingi huja na futi 6 au 8, na ukichukua la 6 kwenye boti pana utalazimika kuunga katikati, mahali penye kukanyagwa zaidi. Kijivu nilikichagua kwa sababu ya jua: jeusi na buluu iliyoiva saa saba mchana zinaunguza nyayo, na wageni wetu wengi wanapanda pekupeku. Lilivuka hadi Unguja, likapanda meli ya Mkoani, likafika limekunjwa vibaya. Kulianika juani nusu siku kulitosha kulilaza.

Kabla ya kuligusa jipya ilibidi tujue la zamani limeacha nini. Kubandua kwenyewe ni kazi ya kuudhi; zulia linatoka, gundi inabaki, na gundi hiyo haisikii maji wala sabuni. Tulikwangua kwa patasi butu, penye ukaidi tukapitisha kitambaa chenye asetoni kwa haraka, maana ukiiacha ikae inakula na ngozi ya faiba. Fundi wa mbao, mtu wa makamo ya baba yangu, alikaa akaigonga sakafu kwa mpini wa bisibisi kutoka omo, yaani mbele, hadi tezi, yaani nyuma. Huku mbele mlio ulikuwa mkavu. Alipofika chini ya viti vya nyuma ukawa mzito.

"Mwanangu, hii haikuuliwa na chumvi," akasema. "Imeuliwa na mvua."

Nilimwelewa baadaye tulipoikata ile plaiwudi ya sakafu. Kuvu wanaoozesha mbao hustawi kwenye maji yasiyo na chumvi, kama ya mvua. Maji ya chumvi huwabana. Na Pemba mvua tunayo kuliko Unguja. Masika yote boti imefungwa, mvua inaingia, inakaa chini ya mpira wa zulia, haina njia. Kwa hiyo anayeniuliza kama zulia linaozesha boti, namwambia zulia halina dhambi, mgongo wake ndio wenye dhambi. Vipande viwili vya plaiwudi vilibadilishwa, vikapakwa faiba juu na chini na kwenye kingo. Sehemu hii ndiyo iliyokula pesa. Zulia lenyewe halikufika robo ya gharama yote, na nadhani kila mwenye boti kuukuu ajiandae hivyo.

Muda nao si wako, ni wa bahari. Hatuna winchi, boti tunaipandisha kwa bamvua, maji yanapojaa sana mwezi ukiandama au ukiwa mpevu. Huku tofauti ya maji kujaa na kupwa wakati wa bamvua hukaribia mita 4, ndiyo inayokufikisha juu pwani. Maji yakiwa mafu hayafiki tena pale ulipo, upende usipende, mpaka bamvua la pili, kiasi cha wiki mbili. Nilimweleza hivyo fundi wa zulia tangu mwanzo: kazi inamalizika kabla ya bamvua lijalo, ama boti inabaki juu na wageni wanakwenda kwa mwengine.

Huyo fundi wa zulia ndiye hasa niliyetaka kumsifu, na kumlaumu kidogo. Ni mshona viti vya magari wa Chake Chake. Mafundi wa boti tulionao ni mabingwa wa mbao na kalafati, lakini zulia kwao ni kitu cha kubandika tu. Huyu anaona kitambaa. Hakulitumia zulia la zamani kama kipimo, alisema limeshavutika na litamdanganya. Alikata maboksi, akayapanga sakafuni, akayaunga kwa tepu mpaka yakakaa sawa, ndipo akayachora mgongoni mwa zulia na kuacha inchi 2 za ziada kila upande. Vipande vyote alivielekeza upande mmoja, nyuzi zikilalia tezi, ili rangi isionekane tofauti na maji yakifagiliwa yaelekee nyuma. Kingo alizikata kwa kisu kilichopashwa moto. Polipropilini inayeyuka kwenye nyuzi joto 160 na kidogo, kwa hiyo moto unaifunga isichomoke nyuzi. Ukiona fundi anakata kwa mkasi halafu anaondoka, jua kingo hizo zitakuwa na ndevu.

Kwenye gundi tulibishana. Alikuwa na haraka, akataka kupaka asubuhi. Gundi ya kugusanisha, ile ya jamii ya gundi ya viatu, inapakwa pande zote mbili, inaachwa ikauke mpaka haishiki kidole, ndipo unagusanisha. Asubuhi kuna umande, na unyevu ukitua juu ya gundi inayokauka inafanya ukungu mweupe na haishiki tena sawasawa. Mchana jua kali inakauka kabla hujageuka. Tukaanza baada ya adhuhuri kupoa, chini ya turubai, tangi la petroli limeshatolewa na sigara zimepigwa marufuku, maana mvuke wa gundi hiyo unashika moto upesi na kwenye kijichumba cha omo unalevya. "Ami, mimi gari naijua, bahari siijui," nilimsikia akimwambia fundi wa mbao, na kwa kweli tangu hapo alikuwa anauliza.

Sasa ukingo. Boti za faiba za zamani zina midomo mingi iliyoachwa wazi: pembe za viti, midomo ya masanduku, ukuta wa ndani unapokutana na ubavu. Hufunikwa kwa raba ya kupachika, inayobana yenyewe. Ya kwangu ilikuwa imetoa michirizi ya kutu kila mahali, na watu walidhani ni skrubu. Siyo. Ndani ya raba hizo kuna meno ya chuma yanayoifanya ibane, na kila unapoikata unaacha chuma wazi kwenye ncha. Maji ya chumvi yanaingilia hapo, kutu inapanda ndani kwa ndani mpaka raba inapasuka. Fundi alikuja na raba ya milango ya magari, ndiyo aliyoizoea, na kwa sura ni nzuri kuliko ya boti. Nikaichukua sumaku ya spika mbovu nikaisogeza. Ikanata. Tukairudisha dukani siku hiyo hiyo, na alikubali bila ubishi.

Tuliyotia ni ya plastiki tupu isiyo na meno, tukaishika kwa Sikaflex nyeusi, gundi ya kuzibia. Ukipata yenye meno ya stenlesi ni bora zaidi, haihitaji gundi. Ya aluminiamu haishikwi na sumaku, lakini mimi nisingeitia mahali penye skrubu za stenlesi: metali hizo mbili zikikutana ndani ya maji ya chumvi, aluminiamu ndiyo inayoliwa. Uzuri wa Sikaflex ni kwamba inakauka kwa unyevu wa hewani, kwa hiyo hewa ile ile iliyotusumbua kwenye gundi, huku ilitusaidia. Skrubu zote ni stenlesi daraja la 316, lile linalohimili chumvi zaidi, na kila tundu lilijazwa Sikaflex kabla ya skrubu kuingia. Tundu kavu ni mlango wa mvua.

Masika yamepita juu yake, na kusi pia. Zulia halijanyanyuka popote isipokuwa pembe moja ya kifuniko cha sanduku la nanga, mshona viti alipolikunja kwenye bawaba likawa nene, kifuniko hakilali vizuri. Nilimwonyesha, akaahidi kuja kulipunguza, bado namngojea. Mchanga wa Misali unaingia kwenye nyuzi na hautoki kwa kupangusa. Lazima ndoo na brashi ngumu. Lakini linakauka kabla ya magharibi, na nikiingiza mkono chini ya sanduku sikuti unyevu. Pampu haijakwama tangu hapo. Raba ya ukingo imeshika, ila kwenye kona kali inataka kufunguka, kwa sababu plastiki tupu haina nguvu ya kubana. Kona hizo nitazitia kipande cha stenlesi.

Nyuma, tunapovulia, sikutia zulia. Damu ya jodari na wino wa ngisi havitoki kwenye zulia la aina yoyote, na karibu na tangi petroli ikimwagika inalainisha gundi. Hapo pamepakwa rangi yenye mchanga, wageni wakija tunatandika mkeka wa plastiki. Kama boti yako ni ya kuvua tu, fanya yote namna hiyo, usitie zulia.

Huyo mshona viti ningemwita tena, kwa sharti kwamba vifaa vyote ununue wewe na umwekee fundi wa mbao pembeni. Na muwahi mapema. Ramadhani ikishafika kumi la mwisho kila mwenye gari Chake anataka viti vipya vya Idi, na boti hapo inasubiri nyuma ya foleni.