Ukumbi wa Dionysos, Athens: mawe mazuri, waigizaji wamesahauliwa

Wageni wengi hukosea tangu mlangoni. Huingia Akropolis, kilima chenye magofu ya kale, kwa lango la magharibi, wakaufikia ukumbi huu wa kale wa maigizo mwishoni wakiwa hoi, picha moja, basi. Shuka kituo cha metro cha Akropoli uingie kwa lango la kusini-mashariki. Utaukuta mwanzoni kabisa. Tiketi ni ileile ya Akropolis, yenye saa maalumu ya kuingia.

Kasoro kubwa ni vibao: vinaeleza mawe kuliko watu. Kwa hiyo nenda ukiwa unamjua Polus wa Aegina, mwigizaji wa karne ya 4 KK. Mwandishi wa kale Plutarch anasimulia kwamba akiwa na miaka 70, muda mfupi kabla ya kufa, aliigiza tanzia (tamthilia za huzuni) nane kwa siku nne. Aulus Gellius, mwandishi wa Kirumi, naye anasema Polus alipoigiza Electra, binti anayemlilia kaka yake akidhani amekufa, hapa Athens (wanaume ndio walioigiza wanawake), chungu cha majivu alichokikumbatia kilikuwa na majivu ya mwanawe wa kumzaa. Uso ulifunikwa na kinyago, hivyo kilio chote kilipita kwenye sauti.

Viti vya marumaru vya mstari wa mbele vinastahili muda wako, hasa cha kuhani wa Dionysos, katikati. Sakafu ya marumaru ni ya enzi za Kirumi, Polus hakuikanyaga. Kivuli ni haba, na soli laini huteleza vibaya. Jengo lenye ukuta mrefu wa matao upande wa magharibi ni Odeon (ukumbi wa muziki) ya Herodes Atticus, la karne ya 2 BK. Wengi huchanganya kumbi hizi mbili.