Heksadekanali ya Kupimia: Ipi Inunuliwe Kwanza?

Anayepima aldehaidi za mafuta, kama heksadekanali yenye kaboni 16, kwenye damu au tishu hununua kiwango rejea (kemikali inayojulikana, ya kulinganishia vipimo) mara chache, na macho yake hukimbilia asilimia ya usafi iliyoandikwa kwenye katalogi. Asilimia hiyo ni ya siku chupa ilipofungwa. Aldehaidi ikipata hewa hugeuka asidi ya mafuta, na hata isipoipata, molekuli zake huweza kuungana tatu tatu. Ndiyo maana bidhaa nne za kutumika kama kiwango hicho nimezipanga kwa jinsi zinavyofungashwa na kudumu, si kwa bei.

Ya kwanza ni heksadekanali yenye diteriamu (haidrojeni nzito), iliyofungwa kwenye ampuli ndogo ya kutumika mara moja. Huongezwa kwenye sampuli tangu mwanzo, hivyo kinachopotea njiani hupotea kwa uwiano ule ule kwa hiyo iliyoongezwa na kwa ile iliyomo kwenye sampuli, nayo spektrometa ya tungamo huzitenganisha kwa uzito. Kabla ya kulipa, uliza diteriamu imewekwa wapi. Ikiwa iko kwenye kaboni iliyo jirani na kundi la aldehaidi, asidi au besi yaweza kuing'oa na kuacha haidrojeni ya kawaida mahali pake. Chagua iliyowekewa mkiani. Kiyeyusho kisiwe methanoli, kwa kuwa nayo huungana na aldehaidi.

Ya pili ni dimethili asetali ya heksadekanali, ambayo kwa anayepima plasmalojeni (aina ya mafuta ya utando wa seli) kwa kromatografia ya gesi ningeiweka ya kwanza bila kusita. Plasmalojeni, zilizogunduliwa na Feulgen na Voit mwaka 1924, zikipashwa moto katika methanoli yenye asidi hutoa asetali za aina hiyo hiyo, na asetali hudumu kuliko aldehaidi tupu.

Heptadekanali, yenye kaboni 17, ni ya tatu: ni adimu kwenye tishu za wanyama, hivyo ikiongezwa haichanganyiki na iliyomo kwenye sampuli, na yamtosha asiye na spektrometa.

Ya mwisho ni chupa ya gramu kadhaa za heksadekanali kavu. Niliwahi kuitoa moja kwenye friza nikakuta ukoko mweupe umezunguka mdomo wa chupa, na kwenye grafu kilele cha asidi ya palmitiki, yaani asidi ambayo heksadekanali hugeuka ikipata hewa, kimekipita cha aldehaidi yenyewe. Tena huyeyuka kwenye nyuzi 35 hivi, kwa hiyo kifurushi kilicholala ghalani bila barafu kavu hufika kimeyeyuka na kuganda upya. Ukilazimika kuinunua, igawe siku hiyo hiyo kwenye vichupa vidogo, pulizia agoni (gesi isiyoungana na aldehaidi), kisha uvihifadhi kwenye nyuzi 80 chini ya sifuri.