Unga wa protini: uzoefu wangu wa kubeba vyuma Mbeya

Naanza na jibu, maana najua kuna anayesoma hapa akiwa dukani na kopo mkononi. Unga wa protini unafanya kazi, ila kazi yenyewe ni ileile inayofanywa na mayai, maharage na usipa, wale dagaa wa Ziwa Nyasa. Mimi nautumia kwa sababu ya muda tu. Asubuhi nafungua duka la vifaa vya ujenzi Mwanjelwa, jioni nafunga naingia jimu, na katikati hapo kupata mlo wa kukaa chini ni bahati.

Nina kilo 72. Kwa mtu anayebeba vyuma, kiwango kinachotajwa sana na wataalamu wa lishe ya michezo ni kama gramu 1.6 za protini kwa kila kilo ya mwili kwa siku, kwa hiyo kwangu ni gramu 115 hivi. Ukiisikia namba hiyo unadhani bila kopo hutoboi. Sasa piga hesabu ya sahani: mayai manne yana gramu 24, nusu lita ya maziwa kama 16, bakuli la maharage yaliyoiva 20 na ushee, usipa wakavu gramu 50 wanakupa karibu 30. Ugali nao, ambao hakuna anayeuhesabu, una kama 20 kwa mtu anayekula akashiba. Umeshafika, au umebakiza kidogo sana. Na maharage huku kwetu hayatafutwi kwa tochi.

Mama alipoliona kopo mezani aliuliza, "Mwanangu, hayo si ndiyo madawa ya kutunisha mwili?"

"Hapana mama, ni maziwa tu."

"Maziwa gani ya bei hiyo, na Rungwe ng'ombe wamejaa?"

Hapo alinikamata. Wei, ambayo ndiyo aina inayouzwa zaidi, ni majimaji yanayobaki maziwa yakigandishwa kutengeneza jibini. Yanachujwa, yanakaushwa, yanakuwa unga. Haina uhusiano na steroidi, yaani hayo madawa ya kutunisha mwili. Kuhusu bei lakini mama ana hoja. Kopo la kilo 2.27 nililipata kwa shilingi 290,000 na linatoa vipimo sabini na kitu, kila kimoja gramu 24 za protini. Ni kama shilingi 4,000 kwa kipimo. Gramu 24 hizohizo kwa mayai manne, trei ikiwa 12,000, ni shilingi 1,600.

Tumbo ndilo lililonisumbua. Unga wa kawaida, ule usiochujwa sana, unabaki na laktosi, sukari ya maziwa ambayo watu wazima wengi wa kwetu hatuisagi vizuri. Gesi yake ukiwa kwenye daladala ya Uyole asubuhi, madirisha yamefungwa kwa baridi ya mwezi wa sita, ni aibu ya peke yake. Nilihamia aina iliyochujwa zaidi, ambayo protini yake inafika asilimia 90 na laktosi ni kidogo mno. Ni ghali zaidi, lakini tumbo lilitulia. Kama mtindi unaupokea vizuri na maziwa mabichi hayakupendi, wewe ni mwenzangu. Ruka moja kwa moja kwenye hiyo.

Baridi yetu inaleta jambo jingine. Hakuna anayetamani kunywa kitu cha maji baridi saa kumi na mbili asubuhi, kwa hiyo nautia kwenye uji wa ulezi. Usiumwage kwenye uji unaochemka, utaganda madonge ya mpira yanayong'ang'ania mwiko. Koroga kwanza kwenye kikombe na maji ya baridi kidogo mpaka uwe laini kama rangi ya ukutani, epua uji, uache upoe kiasi cha kunyweka, ndipo umimine. Joto haliondoi protini, linaharibu mnywo tu. Na chupa ya kutikisia ioshwe papo hapo. Ikilala kwenye begi na mabaki, kesho yake ukifungua kifuniko majirani watajua.

Kwenye kununua, soma nyuma ya kopo, picha ya misuli mbele haikuhusu. Ule unga wa kuongeza uzito, kwenye makopo makubwa makubwa, sehemu kubwa yake ni maltodekstrini, yaani wanga. Wanga wa kuagiza nje, na mchele wa Mbarali uko hapo! Angalia pia kama kwenye viambato wameongeza glaisini au taurini, viungo vidogo vyenye naitrojeni ndani yake. Maabara nyingi hupima protini kwa kupima naitrojeni, na hizo ni njia za bei rahisi za kupandisha namba bila kukupa protini kamili. Kuna duka liliwahi kuniletea kopo ambalo karatasi ya ndani ya mdomo imeachia upande mmoja. Nililirudisha, wakanuna, yakaisha. Mwenye matatizo ya figo amuone daktari kabla ya haya yote.

Ile habari ya kukimbilia chupa ndani ya nusu saa baada ya mazoezi, mimi niliacha kuihangaikia. Jumla ya siku nzima ndiyo yenye uzito zaidi.

Juzi dogo mmoja pale jimu aliniomba, "Kaka, niuzie hata vipimo viwili vitatu, mwili hauji."

"Leo umekula nini?"

"Chai na maandazi. Mchana chipsi kavu."

Nikamwambia hela hiyo akanunue mayai, aongeze na maharage usiku, mwezi ukiisha aje tuongee. Hakufurahi.

Unga naupa nyota nne, bei naipa mbili. Nitanunua tena, kopo dogo la ile iliyochujwa zaidi, kwa zile siku za kushusha saruji dukani ambapo hata chai sipati. Siku za kawaida, na Jumapili zote, kopo linabaki kabatini na usipa wanaingia kwenye nyanya.